Tochi Yako na Koti la Baba Yako

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumamosi asubuhi, tarehe kumi na tisa

Mpendwa mwanangu Kijiti,

Pokea salamu za baba yako mkubwa, mzee wa miaka themanini na miwili, niliyemzika baba yako ambaye ni mdogo wangu, nikawazika wakubwa watatu wa idara ya maji waliosema sitafika sitini, na nikayazika meno yangu yote isipokuwa manne. Bado nipo. Natumaini u mzima, mchumba wako naye mzima, na kifua chako kimeacha kukusumbua na baridi ya huko. Sisi ni wazima. Magoti yangu yanalalamika, lakini hayo yalianza kulalamika wewe hujaota ndevu, nimeshayazoea.

Usiushangae mwandiko. Barua zangu zote ulizopata aliziandika shemeji yako, mke wa mwanangu, mimi nasema yeye anaandika. Hii naiandika mwenyewe, herufi moja moja kama mtu anayepanga matofali, maana maneno yake nisingeweza kumtamkia yeye ayaandike.

Kwanza tochi uliyonitumia. Uliniambia kwenye simu kwamba wewe na wenzako wapenda tochi mnabishana juu ya hii, na kwamba unataka neno la fundi. Hapo ulisema sawasawa. Nimekula na kulala na mabomba, nimeingia matangi ambayo hata panya aliyaogopa, na tochi ndiyo ilikuwa jicho langu. Mtaa huu hakuna anayejua tochi kunishinda.

Kifurushi kilipofika nilicheka. Nilingoja tochi nikapata kitu kama kidole gumba. Nikaminya swichi huku naitazama usoni, ujinga mtupu, nikaona zambarau mpaka wakati wa chakula. Basi nikaiheshimu. Niliishusha kwenye tangi la chini la shule, maana fundi wao bado ananiita likivuja. Tochi yangu ya zamani, ile ndefu ya betri tatu, humulika mahali pamoja tu, ukitaka pembeni lazima ugeuze shingo. Hii yako iliwasha tangi zima kama mtu ameondoa paa. Nikaona ufa mwembamba kama unywele ambao fundi wao alikuwa anaupita kila siku. Ila kwa kumulika mbali ile ya zamani inaishinda, waambie hao wenzako na wasibishe. Na ule mwanga mkubwa haudumu, tochi ikipata moto inajipunguza yenyewe, kama kibarua aliyeona msimamizi ameondoka. Moto wake si mchezo, mwanangu. Kichwa chake kinachoma vidole.

Huo moto ndio unanifikisha kwenye jambo lenyewe.

Uliniambia kabla ya kuitia mfukoni nilegeze kizibo cha nyuma, robo mzunguko tu, isije ikajiwasha. Nikakuitikia ndiyo ndiyo. Sikulegeza hata siku moja. Mtu amekaza nati maisha yake yote, watu wanamwita Mzee Spana mpaka wamesahau jina lake, halafu umwambie aache kitu kimelegea kwa makusudi? Nikiitia mfukoni naikaza, nikiitoa naikaza tena.

Jumatatu iliyopita umeme ulikatika mtaa mzima. Nikaona siku imefika ya kumkomesha yule fundi saa wa hapa mtaani, maana hujisifu sana na ile taa yake ya kuvaa kichwani. Nami nikitaka nionekane mtu, nikavaa koti la baba yako. Ndilo hilo hilo jeusi ulilotuachia tukutunzie mpaka harusi yako. Shemeji yako alikuwa ametoka kulipiga pasi ya mkaa, limenyooka vizuri. Akaniambia, "Baba, hilo si la kuvaa dukani." Nikamwambia koti la mdogo wangu ni koti langu.

Kwa fundi saa nilimaliza maneno yote. Nilielekeza mwanga darini, duka likawa jeupe, hata akaokota skrubu aliyokuwa ameikatia tamaa. Nikaizima tochi, nikaikaza, nikaitia mfukoni pamoja na funguo na spana ndogo, nikakaa kwenye benchi la wateja nikimweleza nilivyoziba bomba kuu kwa mkono mmoja. Sijafika katikati akaanza kunusanusa.

"Mzee Spana, siku hizi unavutia sigara mfukoni?"

"Nisikilize, usinikate maneno."

"Sikukati. Unafuka moshi."

Hapo ndipo paja lilipopata habari. Tundu la mviringo, kubwa kama kifungo cha koti, bitana na kitambaa vyote viwili. Fundi saa alicheka mpaka akavua miwani. Nilipomwambia koti ni la nani, akaivaa tena.

Nilirudi nikalitundika, upande wa tundu ukitazama ukuta. Jioni shemeji yako akaliona. Akaja kwangu amejishika kichwa.

"Baba, nimeunguza koti la marehemu. Kaa la moto limedondoka kutoka kwenye pasi na sikuliona."

Neno nilikuwa nalo mdomoni, mwanangu. Badala yake nikasema, "Pasi ya mkaa inataka macho. Siku nyingine angalia."

Nilisema hivyo mimi, tena kwa sauti ya mtu mwenye huruma.

Ndipo alipokupigia simu akilia, ukamwambia si kitu. Najua kwako ni kitu, huna nguo nyingine ya baba yako. Tangu siku ile hashiki pasi, watoto wanakwenda shule na mikunjo, na mume wake anamtania mchoma makoti. Mezani ananipakulia mimi kwanza, haniangalii usoni, kana kwamba mimi ndiye niliyekosewa. Nami nakula.

Sasa anavuta nyuzi kwenye pindo la ndani la koti, mmoja mmoja, anazifuma juu ya tundu ili rangi isitofautiane. Nyeusi juu ya nyeusi. Juzi mchana aliniita dirishani. "Baba, macho yamegoma. Hebu nimulikie na ile tochi yako."

Nikammulikia. Niliiweka kwenye mwanga wake mdogo kabisa, ule niliokuwa nimeudharau kuwa ni wa kutafutia viatu chini ya kitanda. Kumbe ndio mzuri kuliko wote, uzi unaonekana na mkono hauungui. Hilo nalo waambie wenzako. Alifuma mpaka nikahamishia tochi mkono wa pili. Akasema, "Kijiti alikuchagulia kitu cha maana. Bila tochi hii ningefanyaje?" Nikamsogezea mwanga karibu na sindano.

Shemeji yako hana kosa. Kuunguza koti ni mimi, na kumwachia mtoto wa watu aibu yangu ni mimi, na hili la pili linaninyima usingizi. Tochi ni nzuri, haina ubaya wowote. Ubaya ulikuwa wa mkazaji. Siku hizi nailegeza.

Nisalimie mchumba wako na wazazi wake. Kaka yako anakusalimu, na watoto, na shangazi yako anauliza kama huko unakula. Mungu akulinde barabarani na kazini, na akupe mke mwenye moyo kama wa huyu tuliye naye.

Kama huamini maneno ya mzee anayependa kujisifu, muulize fundi saa, alinusa kwa pua yake. Paja langu nalo lina duara sawa na tundu lile, ukija nitakuonyesha. Shahidi wa tatu ni shemeji yako. Unajua anwani ya huko inanishinda, bahasha huandika yeye siku zote. Nikimaliza mstari huu nampelekea barua ikiwa wazi, nimwambie aisome kwanza. Ukiona juu ya bahasha mwandiko wake ule ulionyooka, ujue ameyasoma yote haya, na bado amekubali kunishikia kalamu. Ukiona mwandiko wangu huu wa matofali, nisamehe wewe, yeye nitaendelea kumwomba.

Ni mimi nikupendaye pamoja na makosa yangu,
Baba yako mkubwa,
Mzee Spana