Mwanangu Avae Jezi ya Nani?

Mpendwa Dada Yustina,

Shikamoo, na kama ni mimi niliyekuzidi umri basi nirudishie tu, sitaona vibaya, maana sura yako siijui, nakujua kwa majibu yako kwenye hili gazeti ambalo muuza duka wetu akishalisoma hulifungia maandazi, na mimi hulifungua nikalisoma hivyo hivyo na mafuta yake. Naomba unisaidie. Kichwa kimenivurugika, nimeuliza watu wengi na kila niliyemuuliza ameniongezea.

Mimi ni kocha. Si kocha wa mpira huu mnaoujua ninyi wa mjini, ni wa ule wa padri. Padri wetu ni mtu wa Ayalandi, na alipofika huku milimani alikuja na mpira wa kwao, wa mikono na miguu, unaudaka, unakimbia nao, unaudunda, unaupiga, na magoli yake yana nguzo ndefu zinazopanda juu, sisi tumezitengeneza kwa mianzi. Ukiupitisha mpira chini ya mtambaa panya ni goli na goli ni pointi tatu, ukiupitisha juu ya mtambaa panya ni pointi moja. Mwanzo tulicheka, sasa hatulali. Padri hana ubaguzi, Waislamu na Wakristo tunacheza wote, na akiletewa mkanda wa video wa fainali za kwao huwasha jenereta pale misheni tukaangalia, na kesho yake kijiweni watu wanagombana habari za Keri na Mayo, timu za huko Ayalandi, kocha gani alikosea kumtoa nani, utadhani ni Matombo na Mgeta, na hakuna hata mmoja wetu aliyefika huko.

Timu yangu ni Mbogoni, kijiji cha bondeni, ndiko kwetu. Nasema ndiko kwetu kwa haki kabisa, Dada, kwa sababu baba yangu alikuwa Mgogo wa upande wa Dodoma, alikuja huku na kazi ya reli akamwoa mama, na alipofariki ndugu zake walikuja kunichukua nikiwa mdogo, mjomba wangu akasimama mlangoni akawaambia mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mama yake ni wa Mbogoni, sasa ninyi mnamchukua nani? Wakala ugali wakaondoka. Tangu hapo hakuna wa kuniambia mimi si mtu wa Mbogoni.

Ila siishi Mbogoni. Nilipooa nilipanda juu Kisakale, kwa wakwe, kama ilivyo desturi yetu Waluguru wengi, nikapewa pa kujenga na pa kulima migomba na hiliki, na watoto wote nimewalea huko. Mke wangu anaitwa Hafidha. Kijana wetu mkubwa, Mansuri, ndiye huyu ninayekuandikia habari zake. Nimemfundisha mimi mwenyewe. Ana mguu wa kushoto ambao ukimpa nafasi kidogo tu anaupitisha mpira katikati ya nguzo huku anaangalia pembeni, na misimu yote iliyopita alikuwa anashuka na mimi mazoezini na kuichezea Mbogoni, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu Kisakale hawakuwa na timu. Wangecheza wapi? Kule ni mteremko mtupu, mpira ukitoka unaufuata mtoni.

Mwaka huu wamechimba kiwanja. Wamekata ubavu wa mlima kwa majembe, wanaume na wanawake, wakasawazisha, wakaunda timu, na kocha wao ni Dadi, kaka yake Hafidha, yaani shemeji yangu, mjomba wake Mansuri. Na ulivyo huu mwaka wa mikosi, wao wamefika fainali na sisi tumefika fainali.

Sasa sheria ya mashindano, ambayo padri aliitangaza mwenyewe tangu mwanzo, inasema kila mtu achezee kwao, hakuna mamluki. Tulipotoka tu kwenye nusu fainali Dadi akaja mbele za watu akasema Mansuri ni mamluki, mtoto ni wa ukoo wa mama, mama yake ni wa Kisakale, arudi kwao. Mimi nikasema mtoto ana baba, na baba ni wa Mbogoni. Tukaenda kwa padri. Padri akasema kwao Ayalandi mtu huchezea alikozaliwa. Hapo ndipo tulipoharibikiwa zaidi, kwa sababu Hafidha alipata shida ya uzazi akashushwa kwa machela mpaka barabarani, Mansuri akazaliwa hospitali ya mjini Morogoro. Kwa hiyo achezee mjini? Padri akajishika kichwa, akasema hili ni la kwenu, malizaneni wenyewe kabla ya fainali.

Kuna na Rehani, mwenye lori anayenunua ndizi zetu kupeleka Dar, yeye anasema ninyi watu wa milimani mko nyuma, siku hizi ni soko huria, ushirika umekufa, ndizi unamuuzia unayemtaka, na mchezaji vilevile aende kwenye maslahi, na yeye yuko tayari kuleta jezi nzuri za mitumba kwa timu itakayompata kijana. Wapo wanaoona ana akili. Mimi nikiwa naye naona ana akili, akiondoka naona hana.

Mashabiki wangu wa Mbogoni wanasema nikimwachia Mansuri nimeuza mechi, na kwamba kule juu nimelishwa limbwata. Wengine wamegeuka kunilaumu hata mfumo wangu, eti mpira wa kudonoa pointi moja moja kama kuku ndio uliotufanya tumtegemee mtu mmoja, eti Dadi ndiye kocha, anarudisha watu wote nyuma halafu anapiga mpira mrefu kwa mtu mmoja wa mbele anatafuta goli la pointi tatu. Nikawaambia mbona goli lenyewe alilopata msimu huu ni la kubahatisha, tukabishana mpaka taa ya kijiweni ikaisha mafuta, nikasahau hata kilichonipeleka.

Na nyumbani ndiyo basi tena. Hafidha ananipakulia chakula, hazungumzi. Siku nilipomuuliza una nini, akaweka mwiko chini akaniambia, "Nyumba unayolala ni ya kwetu, ndizi unazokula ni za kwetu, na mtoto niliyemzaa kwa tabu unataka kumpeleka bondeni akawafunge wajomba zake?" Nikatoka nje nikamkuta mbuzi nikamhamishia kamba.

Lakini linaloniogopesha ni hili. Mansuri ana mchumba, binti mzuri, watu wa heshima, na tulikuwa tumekubaliana posa iende baada ya mavuno. Kwetu posa ya kijana haiendi bila mjomba, yeye ndiye anayekaa mbele, yeye ndiye anayesema. Dadi amesema, na si kwa hasira, amesema taratibu: "Akivaa jezi ya Mbogoni, akatafute huko Mbogoni mjomba wa kumwoza." Sasa nikishinda kombe mwanangu atakosa mke, na nikimwachia nitapoteza timu na heshima yangu, na huyo Dadi atacheka mpaka tufe. Kijana mwenyewe ameacha mazoezi. Juzi tunakata majani ya mbuzi akaniuliza, "Baba, nisipocheza kabisa, itakuwa afadhali?" Sikumjibu, kwa sababu sikujua, na mpaka leo sijui.

Dada Yustina, mtoto huyu ni wa wapi? Niambie nifuate la nani, la padri, la Dadi, la Rehani, au langu mimi baba yake?

Mimi,
Pazi, kocha wa Mbogoni, mkazi wa Kisakale

JIBU

Baba Mansuri, shikamoo yako nimeipokea kwa mikono miwili kwa kuwa nina wajukuu, marahaba.

Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nikachanganyikiwa kama wewe. Nimeirudia, safari hii nikiruka kila mahali palipoandikwa mtambaa panya, nikaona hapana kilichofichika. Jibu umeliandika wewe mwenyewe kwa mkono wako, tena kwa kujisifu, halafu ukaendelea na safari kana kwamba hukuliona.

Umeniambia wewe ni wa Mbogoni kwa haki kabisa. Haki hiyo umeipata wapi? Baba yako alikuwa Mgogo. Ndugu zake walikuja kukudai kwa neno hilo hilo unaloling'ang'ania leo, kwamba mtoto ana baba. Mjomba wako akasimama mlangoni akakataa, ukabaki, ukakua, ukapata pa kuita kwenu na timu ya kufundisha. Leo mjomba wa Mansuri amesimama mlangoni na kusema maneno yale yale, nawe umegeuka umekuwa wale ndugu wa Dodoma. Tofauti ni kwamba wao walikula ugali wakaondoka. Wewe unakula na huondoki.

Huwezi kuwa na mizani mbili, Pazi, moja ya kukupimia wewe na nyingine ya kumpimia mwanao. Kama mtoto ni wa kwa baba, basi Mansuri hawezi kuwa wa Mbogoni, kwa sababu hata wewe hutakuwa wa Mbogoni, funga virago ukawafundishe Wagogo mpira wa padri. Kama mtoto ni wa kwa mama, wewe ni kocha halali na Mansuri ni wa Kisakale. Na hayo kawaambie hao mashabiki wako wa kijiweni, ukianza hivi: mnataka kocha, au mnataka mchezaji? Wakishika la kwanza wamwachie mtoto. Wakishika la pili hawana kocha.

Habari ya limbwata achana nayo. Mwanamume akifuata desturi iliyomlea hajalishwa kitu.

Padri mpe pole. Sheria ya kwao ni nzuri kwao, ila alipotamka neno "kwao" hakujua kwamba milimani kwenu neno hilo lina mama ndani yake. Rehani mwambie anunue ndizi. Soko huria limetuletea mitumba na magazeti kama hili linalonipa mimi kazi, silitukani, lakini mtu asiye na kwao hata akivaa jezi nzuri namna gani hakuna wa kumposea mke. Na usiniambie ukiwa naye unaona ana akili. Ungekuwa na msimamo lori lake lisingekuyumbisha.

Dadi naye sijampenda. Kumtishia mpwa kwa posa yake ni kumfanya kijana wa watu mpira wa kurushiana. Alikuwa na haki, na mwenye haki hahitaji vitisho. Hili namwambia yeye, kama huko juu gazeti linafika kabla ya maandazi.

Lililoniuma ni lile la kwenye majani ya mbuzi. Mwanao amekuuliza kama asipocheza itakuwa afadhali. Kijana huyo yuko tayari kuacha kitu anachokipenda ili baba yake na mjomba wake waweze kusalimiana, na wewe mtu mzima, unayeweza kubishana habari ya goli la kubahatisha mpaka taa ikaisha mafuta, umenyamaza. Hapo umekosea kweli. Hapo hakuna mila wala sheria ya padri ya kukutetea.

Sasa fanya hivi, na ufanye leo ukimaliza kusoma. Mtafute Mansuri kabla hujamtafuta mtu mwingine yeyote, umjibu swali lake. Mwambie hapana, haitakuwa afadhali, cheza. Kisha chukua ile jezi ya Mbogoni aliyokuwa akivaa, ikiwa imefuliwa, shika njia wewe na yeye mpaka kwa Dadi. Usiende mikono mitupu wala usiende na maneno mengi. Kaa pale mkwe anapokaa, sema: mtoto ni wenu, nimekuja kumkabidhi mbele yake asikie mwenyewe, na jezi hii naichukua nikampe mwingine. Halafu, hapo hapo, kabla chai haijaja, muulize posa inakwenda siku gani. Mbele ya kijana, Dadi hataweza kuuma maneno. Ukirudi kwako Hafidha atazungumza, na uwe tayari, huenda akazungumza sana.

Ukishamaliza hayo, shuka bondeni kwa timu yako. Mechi hujaiuza. Dadi anafurahi kwamba amempata mchezaji wako, na amesahau kwamba aliyemfundisha yuko upande wa pili. Duniani hakuna anayeujua mguu ule wa kushoto kukushinda wewe. Chagua beki asiyechoka, mwambie asimwachie ile nafasi kidogo uliyonieleza, amsukumie kulia siku nzima. Si hiyana hiyo, ndiyo heshima ya mchezaji, na Mansuri atakushangaa ukimlegezea. Wengine waendelee kudonoa pointi zao, mimi mpira siujui lakini kuku hushiba kwa kudonoa.

Siku ya fainali piga kelele zote za Mbogoni. Mansuri akifunga, nyamaza, usipige makofi wala usitukane, watu watakuwa wanakuangalia wewe. Jioni mtapanda mlima pamoja kama mlivyozoea, maana nyumba ni ile ile. Akiwa ameshinda yeye, mwache atangulie aingie kwa mama yake kwanza. Na ukiwa umeshinda wewe, mwache atangulie vilevile.

Dada Yustina