Amon Amekata Kiti cha Nyuma

Marcelina mwenzangu, Amon amekata kiti! Kiti cha nyuma cha pikipiki, amekikata!

Si unajua tuliinunua kuukuu kule Nzega ili ampeleke babu yake mjini kusafishwa kidonda cha mguu? Juzi mjukuu huyo akaniuliza, "Mke wangu, chombo nikipambe vipi?" Nikamjibu kwa utani wetu ule ule, "Kata kiti cha nyuma, mume wangu, asije akapanda mke mwenzangu."

Nilitania! Bibi na mjukuu si hutaniana?

Leo kairudisha kutoka kwa fundi. Imebaki nafasi ya mtu mmoja, nyuma bati tupu linang'aa kama sinia. Anacheka meno yote nje. "Umeona, mke wangu? Hapandi mtu!"

Nikasema nzuri. Marcelina, nilisema nzuri! Mdomo wangu huu huu.

Na fundi kile kipande ameshakifunga kwenye pikipiki ya mtu mwingine.

Kliniki ni leo. Mzee yuko mlangoni, ameshavaa koti, ananiuliza mbona Amon hawashi. Najifanya natafuta kadi yake, na kadi ninayo mkononi.