Tumeziba Kila Tundu

S.L.P. 41,
Rugby, North Dakota.
Jumapili, 11 Januari 1998.

Mpendwa mdogo wangu Lowell,

Salamu nyingi kutoka kwenye barafu. Hujambo? Na moyo unaendeleaje? Tangu uliponiambia kwenye simu kwamba madaktari wa huko Yuma watakupasua tarehe ishirini na mbili, sijala nikashiba. Nakuombea kila nioshapo vyombo. Sisi huku ni wazima, ila vichwa vinatugonga kidogo, nitakueleza.

Zile soksi nyekundu za sufu ulizonitumia Krismasi zimefika. Ulinichekesha! Mtu wa jangwani kumtumia soksi mtu wa Rugby! Lakini zina joto kweli, ahsante.

Sasa habari yenyewe: tunakuja. Si kwa ndege, maana shemeji yako Orrin hapandi ndege hata umburute. Amenunua nyumba ya magurudumu, kuukuu lakini ina kitanda, jiko na choo, na kesho asubuhi tunaondoka. Ni maili elfu moja na mia saba. Nimeapa hutaingizwa chumba cha upasuaji kabla sijakushika mkono.

Naogopa, Lowell, sikufichi. Redio inasema baridi itashuka hadi nyuzi thelathini chini ya sifuri, na barabara ya Wyoming imefungwa mara mbili wiki hii. Nimefungasha mablanketi sita, koleo, na mshumaa ndani ya kopo la kahawa kama mama alivyotufundisha. Hata hivyo kuna kitu kimenikaa kifuani, hakitoki. Nadhani ni hiyo theluji.

Tulianza kwa kujaribu kulala humo hapa uani. Usiku wa kwanza, we! Upepo uliingia kila upande, tukatetemeka mpaka meno. Labda wewe umesahau, lakini sisi watu wa huku tukiona tundu hatuulizi ni la nini, tunaziba. Orrin akaleta sponji na gundi. Tukaziba vitundu vya sakafuni, vya ukutani karibu na hita ya gesi, na kile kidirisha cha darini.

Usiku wa pili, joto tele. Ila kile kidude cha ukutani kinachonusa hewa ya sumu kikaanza kupiga kelele. "Nyamaza wewe!" Orrin alikifokea, akachomoa betri yake akaitia kwenye tochi. Kikanyamaza.

Tuliamka vichwa vizito, mashavu mekundu kana kwamba tumepakwa rangi. Orrin akasema ni wale samaki tuliokula kanisani jioni yake, na kweli mimi sikuwapenda. Mbwa wetu Tuffy alitapika, na tangu siku hiyo haingii humo ndani. Nikimvuta anang'ang'ania ngazi na kulia. Basi tunamwachia jirani yetu Milo.

Huyo Milo ni fundi mabomba. Jana alikuja kunywa kahawa, nikamsimulia, akakunja uso.

"Orrin, kidude hicho hakilii bure. Zibua matundu hayo, bwana."

"We Milo unaogopa hata kivuli chako! Kinalia kwa sababu kimezeeka, kama wewe."

"Heri mwoga. Nimeshasaidia kutoa watu kwenye nyumba za namna hiyo, wamelala tu, hawaamki."

"Hao walikufa kwa baridi. Kunywa kahawa yako."

Nikacheka. Milo hakucheka, wala kikombe hakukimaliza. Alitaka kuniambia kitu pale mlangoni, lakini Orrin alikuwa ananiita nikamshikie ngazi.

Kwa hiyo usihangaike tukichelewa. Orrin anasema barabara ikifungwa, tutaegesha kando, tutajifungia ndani na kuwasha hita hata siku mbili, mpaka wafungue. Sasa hilo la baridi angalau halinisumbui tena.

Msalimie sana mkeo Ramona, mwambie atuachie nafasi ya kuegesha uani kuanzia Alhamisi. Mungu aushike moyo wako mpaka nifike, kisha nitampokea zamu. Barua hii haitafika kabla ya Ijumaa, kwa hiyo bila shaka tutaisoma pamoja mezani kwako, na utanicheka kwa woga wangu.

Dada yako akupendaye sana,
Verna

N.B. Sijafunga bahasha, Orrin ananiita: kuna tundu moja tulilisahau, hapo kichwani pa kitanda, na sponji imekwisha. Nimeliziba kwa soksi yako moja nyekundu. Imeenea sawasawa, hata upepo haupiti.