Wakwe wa Yoramu

Devota, usinipigie. Soma tu.

Wamemchukua Yoramu, mpangaji wangu, yule mwandishi wa habari. Na mimi ndiye niliyewapa kila kitu.

Walikuja wanaume wawili hapa Chang'ombe, mashati yamenyooka, shikamoo mpaka magotini. Nikajua ni watu wa yule binti wa mtaa wa Kikuyu ambaye Yoramu anataka kumwoa, wamekuja kumchunguza mkwe wao. Nikawakaribisha chai.

Nikamsifu! Unaujua mdomo wangu. Hata wewe nilikusifia ukaolewa, na ugali ulikuwa hujui kusonga.

Nikasema hanywi, usiku kucha anaandika. Nikasema siku ya vurugu, wenzake walipojificha, yeye alizunguka na kamera, na picha za waliopigwa risasi anazo zote humo chumbani.

Mmoja akasema, "Endelea, bibi."

Endelea, bibi! Na mimi nikaendelea.

Chai ilipoisha, yule mkubwa akasema kwa sauti ya chini, "Picha hizo zinahatarisha usalama wa nchi."

Nikacheka, Devota. Nikamwambia, "Nchi nzima inamwogopa kijana anayeshindwa kuchinja kuku?"

Hakucheka.

Chumba chake kina mlango wa nyuma, unaujua. Angekimbia. Lakini alikuwa ndani muda wote, ananisikia ninavyommwagia sifa, naye akajua ni wakwe.

Alitoka amevaa shati jeupe, amejipaka mafuta, anatabasamu.