Firigisi ya Baba

Dada yangu Wanjiru,

Jumapili jirani wangu hapa Kalimoni alinialika kula kuku, na kwa heshima akaniwekea firigisi kwenye sahani. Nilishindwa kuimeza. Akadhani nimeugua, nami nikamwacha adhani hivyo.

Unanizidi miaka miwili tu, lakini mama alikuwa akisema ulinibeba mgongoni mpaka miguu yangu ikaburuzika chini. Wewe ndiye uliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Halafu baba akafa, na siku ya mazishi mjomba akanikalisha kwenye kiti cha baba na kusema, "Wewe ndio mwanaume wa hii boma sasa." Nilikuwa na miaka kumi na mitano na sijaota hata ndevu. Tangu siku hiyo firigisi, iliyokuwa ya baba kila kuku akichinjwa, ikawa yangu. Wewe ulipika, ukapakua, na mama akahakikisha imefika kwangu.

Krismasi iliyofuata, sahani ilikuja bila firigisi. Nikauliza iko wapi.

"Nimekula mimi," ukasema. "Nimekuwa jikoni tangu asubuhi, nikasikia njaa."

Nilisimama nikakuzaba kofi. Sikukupiga kwa sababu ya nyama, dada. Firigisi hata siipendi, ni ngumu. Nilikupiga kwa sababu mjomba alikuwa ananitazama, na nilitaka aone kwamba kile kiti kimenitosha. Hakuna aliyeinuka. Mama akasema tu, "Wanjiru, si ungemwachia." Ukaendelea kuwagawia watu mchuzi kwa mkono mmoja, mwingine umeshika sikio la kushoto.

Hadi leo simu unaiweka sikio la kulia. Mtu akikuita kutoka kushoto hugeuki. Nimeyaona haya miaka yote nikajifanya siyaoni, na najionea aibu kwa hilo kuliko hata kwa lile kofi. Kofi nilikupiga nikiwa mtoto, lakini huku kunyamaza nimekunyamazia nikiwa mtu mzima.

Sasa sikia mambo yangu. Kila Jumamosi nafundisha vijana kwenye ukumbi wa kanisa, wavulana kwa wasichana. Tunaongea juu ya usawa, nani anaosha vyombo kwao na kwa nini, na juu ya kupigana nyumbani. Wananipenda, na nilikuwa nimeanza kujiona mtu wa maana. Jumamosi iliyopita msichana mmoja wa mbele akainua mkono.

"Mwalimu, na wewe? Ushawahi chapa msichana?"

"Mimi? Zii," nikamjibu. "Mimi sikulelewa hivyo."

Wakanipigia makofi, dada! Nikasimama pale nikitabasamu, mimi niliyelelewa na wewe.

Nataka Jumamosi hii niwaambie ukweli. Wale wavulana wanadhani wanaopiga ni watu wengine, walevi na wakatili, na mimi ndiye niliyewadanganya hivyo. Lakini sikio ni lako, na sina haki ya kulipeleka mbele ya watu bila ruhusa yako. Ukikataa, nitawaambia tu kwamba niliwadanganya, halafu nikae chini.

Nasikitika, Wanjiru. Nilipaswa kuja huko Thika nikuambie uso kwa uso, nikikaa upande wako wa kulia. Mara mbili nimefika hadi geti la kiwanda chenu saa za kutoka kazini, nikakuona ukitoka na wenzako mkicheka, nikarudi. Niliogopa kukuharibia kile kicheko.

Tangu tumzike mama, kila nikikuandikia unanijibu neno moja tu. Labda umesahau, mimi sijasahau. Siku ile baada ya kukupiga nilikuambia, "Usirudie." Ukainamisha kichwa ukasema, "Sawa." Ndilo hilohilo unaloniandikia kwenye simu. Safari hii niandikie neno lingine lolote, hata likiwa tusi.

Mdogo wako uliyembeba mgongoni,
Kamau