Mashine ya Kuandika ya Mzee Muderhwa

Kamembe, Ijumaa tarehe 11 Oktoba 1974

Kwa Yaya Véronique, dada yangu mkubwa mpenzi,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto wote hapo Bukavu. Je, kile kifua chako bado kinakusumbua wakati wa mvua? Mimi ni mzima, mimba imefika mwezi wa saba. Nisamehe kwa kukaa kimya tangu Pasaka. Sikuwa na kiburi kama Maman alivyodhani. Nilikuwa na woga.

Siku ya harusi mlinionea wivu, usikatae. Msichana wa miaka ishirini kuolewa na Mzee Muderhwa, ambaye vitabu vyake vinasomwa shuleni! Hakuna aliyeniambia kwamba macho yake yamekufa, na kwamba alitafuta mikono ya kuandika zaidi kuliko mke. Kila asubuhi baada ya chai yeye husema hadithi zake, mimi napiga mashine, hata nikiwa na homa.

Mwanzoni nilicheka. Alitunga kwamba mbuzi wa jirani yetu Nyirabagenzi amezaa watatu, na wiki haikuisha akazaa watatu. Kisha akatunga lori linalopinduka kwenye kona ya Muganza, likapinduka. Nilipomuuliza alijibu kwamba mwandishi mzuri huona mbali, basi niendelee kupiga.

Mwezi wa nane, nikipanga karatasi zake za zamani, nilikuta hadithi ya mwanamke anayeteleza mtoni Rusizi akifua nguo. Yaya, ndivyo alivyokufa Joséphine, mke wake wa kwanza aliyempigia mashine kabla yangu, hata ile ndoo ya bluu iliyobaki juu ya jiwe imo. Tarehe ya ukurasa ni wiki mbili kabla ya mazishi yake. Nilirudisha karatasi mahali pake.

Jumatatu hii alianza hadithi mpya ya mwandishi kipofu na mke wake kijana, mjamzito. Katika hadithi, miguu ya yule mke ilivimba. Jumanne miguu yangu ikavimba. Jumatano akanitamkia ukurasa ambao mke anazaa kabla ya wakati, akafa yeye na mtoto. Aliusema kwa upole, kama mtu anayeagiza chumvi.

Sasa nakuambia jambo ambalo hata padri hajui. Sikuyaandika maneno yake. Niliandika kwamba Alhamisi mume analala na haamki tena, na mke anabaki na mtoto wake. Nilipomsomea, nilisoma yale aliyosema yeye. Akasema, "Nilisikia mashine. Uliandika maneno ingine, si yenye nilikuambia. Joséphine naye alijaribuka, lakini aliogopaka kumaliza." Akatabasamu, akaomba chai.

Leo asubuhi nilimkuta amelala chali, mikono imepoa. Watu wa parokia wako sebuleni wanaimba, wananiita mjane wa mtu mkubwa. Nalia kweli, Yaya. Nilimpenda, na ni mimi niliyemuua.

Barua hii nampa Mushagalusa, anayebeba mizigo mpakani. Usiniambie huwezi kuja. Kabla watu hawajafika nilirudi kwenye mashine, nikaongeza mistari sita. Kesho saa nne utavuka daraja la Rusizi, na utakaa nami mpaka nijifungue.

Msalimie sana Maman, na wabusu watoto kwa niaba yangu. Shemeji naye msalimie. Mwambie asikuzuie, maana sipendi kumwandika na yeye.

Ni mimi mdogo wako ninayekungoja,

Antoinette