Bawa Alilolirudisha Pasta

Amagoro, karibu na Malaba
Jumatano asubuhi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mguu wa Baba unaendeleaje? Amekubali kutembea na fimbo, au bado anaificha nyuma ya mlango wageni wakija? Na kile kikohozi chako cha baridi ya milimani kimeisha? Niambie ukweli, maana dada Wakesho kila nikimuuliza ananijibu "wako sawa tu", kama mtu anayemjibu askari wa barabarani.

Sisi hapa tu wazima. Kazi ya karatasi za forodha inaendelea, malori yamepanga foleni ndefu kutoka mpakani, na mimi nazunguka na faili kwapani kutwa nzima. Nimenenepa. Mkanda niliofunga siku ya harusi sasa umefika tundu la mwisho, na wa kulaumiwa ni mkwe wako, ambaye hawezi kuona sahani yangu ikiwa na nafasi akaiacha.

Nimeandika barua kwa sababu simu umenikatia mara tatu. Barua haikatwi katikati. Unaweza kuichana, lakini nakujua, hujawahi kutupa hata mfuko wa sukari kabla ya kusoma kilichoandikwa juu yake. Dereva mmoja wa lori anarudi Mombasa leo. Ataiacha kwa Wakesho pale Voi, kwenye cherehani yake.

Nina hasira, Mama. Najua si vizuri kumwandikia mzazi neno hilo mara tu baada ya shikamoo, lakini nikilificha utaliona kwenye mwandiko. Nimeoa miezi minne iliyopita. Huu ndio wakati ambao mtu hutembea akicheka peke yake njiani, na mimi nilikuwa hivyo, mpaka watu wakaanza kuninyang'anya furaha yangu, kila mmoja akija na sababu zake. Na wewe umekuwa mmoja wao. Umesema mwezi ujao huji tena kuona nyumba yetu, kwa kuwa "mwanamke anayemwambia mtumishi wa Mungu kuwa yeye ni kuku hamjui Mungu". Kosa la kwanza ni langu. Nilikupigia simu nikikusimulia mambo haya huku nacheka, nikidhani nawe utacheka, na nikayasimulia vibaya. Sasa nayasimulia vizuri.

Nafula hujamwona uso kwa uso. Siku ya harusi yetu kule kwao Butula ulikuwa kando ya kitanda cha Baba, na picha za simu hazisemi kitu. Basi ujue nilivyompata. Nilikuwa hospitalini Alupe na malaria iliyonitikisa mpaka meno yakauma. Yeye alikuwa amewaleta wanafunzi wake wa kidato cha tatu waone kazi ya maabara, kwa kuwa anafundisha biolojia. Akanijia kwenye benchi akasema, "Kaka, pole. Ungewaruhusu watoto hawa waone damu yako?" Nikasema ndiyo. Ningesema ndiyo hata kama angeomba figo. Walipomaliza akaniita na mimi, akanishika bega nisianguke, nikainama kwenye hadubini. Ndani ya chembe za damu yangu kulikuwa na vipete vidogo sana. "Ndio hao wanaokutetemesha," akasema. "Wadogo hivyo, na wamemlaza mwanamume mzima." Kisha, mbele ya wanafunzi wake wote, akainamisha kichwa akaniombea nipone.

Niliona pete kwenye damu yangu kabla sijamnunulia yeye ya kidole. Na huyo ndiye unayesema hamjui Mungu.

Asubuhi tukinywa chai hunifundisha. Aliniambia kwamba chuma kilicho kwenye damu ya mtu kilipikwa ndani ya nyota ambazo zilizimika kabla dunia hii haijakuwepo. Nikamuuliza hizo nyota tunazoziona ziko mbali kiasi gani. Akatazama nje barabarani, akaniambia nifikirie lori. "Ukiliona hapa Malaba, liliondoka Mombasa siku kadhaa zilizopita, na kule lilikotoka hujui leo kuna nini. Mwanga wa nyota ni hivyo hivyo, ila safari ya mwingine ni ya maelfu ya miaka." Halafu akaweka kikombe chini akasema, "Mwakio, yaani Mungu alianza kutupikia mapema hivyo." Mama, chai yangu ilipoa nikimtazama. Nani mwingine ana mke wa namna hii?

Sasa pasta. Huku maharusi wakihamia nyumba, pasta huja kuiombea, na kuku huchinjwa. Sisi tulichinja jogoo tuliyepewa na mama mkwe. Pasta alikuja Jumamosi mchana akiwa na mzee mmoja wa kanisa. Alikuwa mchangamfu, akamsifu Nafula kwa darasa la watoto la Jumapili, maana yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha. Akataka kujua watoto siku hizi wanauliza maswali gani.

"Wanauliza Mungu aliumbaje, Pasta," Nafula akasema. "Mimi nawaonyesha. Hata hilo bawa uliloshika. Hebu lipapase. Hapo juu kuna mifupa mingapi?"

"Mmoja," akasema pasta.

"Na baada ya kiwiko?"

"Miwili."

"Na huko nchani?"

"Midogo midogo, imebanana."

"Sasa papasa mkono wako."

Pasta akapapasa, vidole vyenye mafuta juu ya shati jeupe. Mmoja, miwili, midogo midogo. Na alitabasamu, Mama. Nilimwona kwa macho yangu. Nafula akamweleza kuwa hata popo yuko hivyo, hata mamba, na kwamba wachunguzi wamegundua viumbe wenye mpango mmoja wa mifupa wana asili moja ya zamani sana, kama vile watu wa ukoo mmoja wanavyofanana pua. Pasta alikuwa anasikiliza. Mambo yangeishia hapo kama yule mzee wa kanisa hangefungua mdomo.

"Kumbe, Pasta," akasema akicheka, "hapa unamla shemeji."

Uso wa pasta ukabadilika. Akalirudisha bawa sahanini, zima, halijaumwa hata mara moja.

"Madam," akasema, "mimi niliumbwa kwa mfano wa Mungu. Sikuumbwa kwa mfano wa kuku."

"Na kuku aliumbwa na nani, Pasta?"

Hakumuuliza kwa dharau. Ndivyo anavyouliza darasani, kisha anangoja mtu anyooshe mkono. Lakini pasta hakunyoosha mkono. Aliomba maji ya kunawa, akaenda zake bila kuiombea nyumba. Huku kwetu pasta akiacha kuku mezani ni habari kubwa, na kabla giza halijaingia Amagoro yote ilikuwa inajua.

Kesho yake akasimama mbele ya waumini akasema kuna nyumba ambayo watoto wanafundishwa kwamba babu yao ni kuku. Nafula alikuwa benchi la tatu, vitabu vya watoto mapajani. Walikuja kuvichukua palepale. Darasa amepewa mtu mwingine, mpaka Nafula asimame mbele ya watu aseme amekosea.

Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Hakusema babu yao ni kuku. Mtu amesema lisilo kweli, akiwa na Biblia mkononi, juu ya mwanamke anayefunga na kuomba kila Ijumaa, kwa sababu tu alichekwa na rafiki yake. Na yule mzee aliyesema "shemeji" hajaulizwa neno. Bado anapitisha kikapu cha sadaka.

Usidhani upande wa pili ni bora. Jumatatu yake, Barasa, karani ninayekaa naye meza moja, alinipa pole kwa namna ya kunipongeza. "Boss, mwambie madam aachane na kanisa kabisa," akasema. "Sayansi ilishammaliza Mungu zamani. Mimi naona video kila siku." Nafula alikuwa ameniletea chakula na akamsikia kutoka mlangoni.

"Shemeji Barasa, kazi yako hapa ni nini?"

"Kufuatilia malori, madam."

"Ukishajua lori limepita Voi, limepita Nakuru, limepita Eldoret, na saa ngapi, utaniambia basi halikuwa na dereva?"

Barasa akasema chakula kinanukia vizuri. Nafula alikasirika siku ile kuliko Jumapili. Jioni alikuwa anamenya viazi kana kwamba vimemkosea. "Huyu anataka mifupa bila Mungu," akasema, "na yule anataka Mungu bila mifupa. Mimi nimepewa vyote viwili, nitupe kipi?"

Ndipo nikakupigia, nikiamini kwako tutapata pa kupumzikia. Ukanikatia.

Jumapili iliyopita Nafula alisimama. Mimi nilimkataza. Nilitaka tuhame kanisa, yako mengi kutoka hapa mpaka Busia, lakini alisema wale watoto ni wake na hawezi kuwaacha na uongo ule masikioni. Alivaa gauni la buluu, lile ninalolipenda mpaka nasahau nilichokuwa nasema. Akaenda mbele. Pasta akakaa vizuri kitini.

"Nilimharibia mgeni wangu chakula, nyumbani kwangu, mbele ya mtu mwingine," akasema. "Hilo ni kosa. Pasta, nisamehe." Akapiga magoti kweli, kama wanawake wa kwao wanavyowaamkia wakubwa, na nikasikia watu wakisema amina. Kisha akainuka, akajipangusa vumbi.

"Lakini mifupa sikuiweka mimi," akasema. "Siwezi kumwombea msamaha aliyeiweka."

Pasta akafungua kitabu cha nyimbo, akasema, "Tuimbe." Darasa hajarudishiwa mpaka leo. Ila wimbo ulipoanza niligeuka nyuma, kwenye mabenchi ya watoto. Walikuwa wamesimama wanaimba kama wengine, na kila mmoja anapapasa mkono wake.

Sasa nakuja kwako, Mama, na hapa hasira yangu inachanganyika na kitu kingine, uniwie radhi. Pasta simlaumu sana, hajawahi kuunga mfupa maishani mwake. Lakini wewe? Wewe ambaye mlima mzima unakuletea mikono iliyovunjika na magoti yaliyoteguka?

Unamkumbuka Simba, mbwa wa Baba? Nilikuwa darasa la tano pikipiki ilipomgonga. Mbwa ulikuwa hujawahi kumuunga. Ulikaa chini uani ukapapasa mguu wake wa mbele, ukasita. Kisha ukaniita. "Mwakio, lete mkono nione unavyokaa." Mkono wangu wa kushoto, ule uliokuwa umeuunga mwenyewe mwaka uliotangulia nilipoanguka kutoka juu ya mpera. Mkono wako mmoja ukanishika mimi, mwingine ukamshika Simba, ukafumba macho. Vidole vikashuka pamoja, kwangu na kwake. Ukasema, "Ni kitu kimoja." Kabla ya kumfunga vijiti ukaomba kwa sauti, na maneno nayakumbuka: "Bwana, wewe uliyepanga hivi, nielekeze vidole." Simba akatembea.

Sikulia kwamba umeniita mbwa. Nilijivuna shuleni wiki nzima. Na hakuna aliyesema humjui Mungu.

Nafula hajasema zaidi ya uliyoyasema wewe siku ile. Yeye ameyasema kwa chaki tu.

Ndani ya bahasha hii utakuta kitambaa kimefungwa. Ni lile bawa. Nafula alilichemsha, akalisafisha, akaikausha mifupa yake juani, kwa sababu alisema kitu kilichokataliwa na mgeni hakistahili kwenda jaani. Usiisome barua hii mara ya pili. Fungua kitambaa, fumba macho, uipapase kama unavyopapasa mkono wa mtoto aliyeletwa analia. Kisha uamue kama huji.

Pasta wa kanisa la jirani amejitolea kuja kutuombea nyumba. Nimekataa. Nafula naye amekataa, na hatukuwa tumeshauriana. Nyumba itakaa hivi hivi, mapazia yametundikwa, kitanda kimetandikwa chumba cha pili, mpaka aje mtu aliyewahi kuomba huku ameshika mguu wa mbwa.

Msalimie sana Baba, na umwambie fimbo haimpunguzii mtu uanaume. Msalimie Mjomba Mghanga, mpiga kengele wa kanisa letu huko, aliyekuja huku kutupelekea mahari na kusifu ugali wa kwao Nafula. Dada Wakesho mshukuru kwa kuibeba barua hii mpaka mlimani, na umwambie najua ameisoma. Shangazi anayeuza mboga sokoni mwambie mkwewe anapanda mchicha nyuma ya nyumba na anamngoja amkosoe.

Nafula anakuamkia kwa magoti. Ananiuliza siku ukija akuwekee paja au bawa. Nimemwambia angoje, utasema mwenyewe.

Mimi mwanao akupendaye, ninayeandika kwa mkono wa kushoto, ule uliouunga,

Mwakio